Siku Niliyomtazama Mkwe Usoni

Wewe uliyepewa kadi ya kifua kikuu wiki hii, ukaikunja mfukoni kwa sababu hujui umwonyeshe nani, haya nakuandikia wewe. Niliishia darasa la nne, kwa hiyo usitafute humu habari za vijidudu. Hizo waulize waganga. Mimi nina habari za benchi, za miguu, na za watu. Watu wataniuma, nilisema siku ile nilipopewa kadi, na kweli waliniuma kuliko kikohozi.

Walioniuma nitawataja kwa majina yao, maana wao hawakuona haya kunitaja mimi. Aliyenivusha sitamtaja. Ni mama mzazi wa mke wangu Konsolata, na kwetu Wanyambo jina la mkwe halitoki mdomoni mwa mkwe mwenzake. Nimejaribu kuliandika hapa, kalamu ikakataa. Basi.

Kikohozi kilinianza miaka michache baada ya vita vya Uganda. Nilikuwa na kibanja changu huku Kibingo, migomba ya kutosha na kahawa kidogo, na nguvu za kubeba mkungu wa ndizi kila bega. Pale zahanati alikuwepo mganga jina lake Leopold. Huyo ndiye wa kwanza. Leopold alinichoma sindano za malaria msimu mzima wa kuchuma kahawa, akanipa na dawa ya kikohozi ya chupa, tamu kama asali. Kila nikienda anasema, "Venanti, punguza rubisi, pombe ya ndizi na baridi ya huku haviendani." Rubisi gani? Nilikuwa siwezi hata kuinusa. Hakuniambia hata mara moja niteme kwenye kikopo apeleke kupimwa. Mpaka tunapanda maharage ya msimu mwingine, nilikuwa natema damu na suruali naifunga kwa kamba ya mgomba.

Miaka hiyo ndiyo uliingia ule ugonjwa mwingine, tuliouita Juliana, kwa jina la vitambaa vya magendo vilivyokuwa vikitoka Uganda. Mtu akikonda tu, jina lake ni hilo. Jirani yangu Anjelina, nyumba yake na yangu tunatenganishwa na mstari wa migomba, alisema kisimani mbele ya wanawake wote, "Venanti naye kavaa Juliana." Konsolata alirudi na ndoo nusu, nyingine imemwagika njiani. Hakuniambia kwa nini. Niliambiwa na wengine, kwa furaha yao.

Wa tatu ni wa tumbo moja na mimi. Kaka yangu mkubwa, Deogratias. Alikuwa anakuja jioni, hakai, anasimama na kukitembeza kibanja changu kwa macho, kutoka mgomba wa mwanzo mpaka wa mwisho. Alimwambia mke wangu, mimi nimelala nasikia, "Shemeji, rudi kwenu Ndama kabla hajakumaliza na wewe." Wakati ule nilikuwa bado nasikia kwa masikio yote mawili.

Nilipofika hospitali ng'ambo ya mlima, kwa machela, kiangazi kilikuwa kimeanza. Walinilaza miezi miwili. Sindano sitini, moja kila asubuhi, mpaka nyama ya makalio ikawa ngumu, nesi anatafuta mahali pa kuchoma kama mtu anayetafuta mahali pa kuchimba choo. Tulikuwa tunakaa benchi la nje, kila mmoja na kopo lake la mate lenye kifuniko. Mkojo ulikuwa unatoka mwekundu, nikadhani ni damu, nikajificha siku tatu nisimwambie mtu, kumbe ni rangi ya dawa. Nakwambia mapema usije ukatubu dhambi zote kwa ajili ya mkojo, kama mimi.

Lakini hili la masikio nalo lilikuwa la kweli. Sindano zilipopita arobaini, kengele ililia ndani ya sikio la kushoto, ikalia mchana kutwa, halafu ikanyamaza na sikio likanyamaza nayo. La kulia likabaki, lakini kama mtu anayesema akiwa ndani ya pipa. Na kichwa kikaanza kuzunguka. Nikifumba macho naanguka. Kwenye giza natembea kama mlevi. Dokta aliniita akaniandikia kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, nikasoma mwenyewe: sindano zimekwisha, sasa ni vidonge miezi kumi. Ukichelewa kuvifuata zikatimia siku saba, tunakufuta, unaanza sindano upya. Chini yake akaongeza: Zikianza upya, sikio la kulia nalo litakufa.

Karatasi ile niliitunza kuliko cheti cha ndoa.

Mwezi wa kwanza wa vidonge nilivifuata kwa baiskeli ya Deogratias, ananisukuma, analalamika. Mwezi wa pili ukaangukia msimu wa senene. Mvua za vuli, watu wanaamka alfajiri kukamata wadudu kwenye nyasi, na Konsolata ana mimba ya miezi tisa. Siku yangu ya kadi ilikuwa Jumanne. Jumatatu yake Deogratias aliapa, "Kesho alfajiri niko hapa." Jumanne nilikaa kizingitini na kadi mkononi mpaka jua likasimama utosini. Alipita saa tisa mchana, baiskeli imebeba magunia ya senene. Alisema neno, sikulipata, nikamwangalia mdomo. Alikuwa anasema, "Mali itanuka."

Jumatano Konsolata akashikwa na uchungu. Alhamisi akazaliwa msichana, mtoto wetu wa pili, na mama mkwe akafika kutoka Ndama kumwuguza mzazi. Nilimwinamia mtoto nikaweka sikio la kulia karibu na mdomo wake. Alikuwa analia. Sauti ilikuwa nyembamba, inatoka mbali, lakini niliisikia. Nikajua kitu nitakachopoteza kina sauti gani.

Sasa uelewe habari ya mkwe. Kwetu mwanamume hakai chumba kimoja na mama mkwe, hamsemeshi, hamgusi, na uso wake hautazami. Mama mkwe akija, anakaa jikoni nyuma. Ukipita, anajifunika khanga kichwani, na wewe unazunguka njia nyingine. Ni heshima, si chuki. Nilikuwa nimemwoa Konsolata miaka minane, nikamfahamu mama yake kwa kisigino na kwa rangi ya khanga. Hatujawahi kubadilishana hata neno moja.

Jumapili jioni, siku ya tano bila kidonge, Konsolata akanikalia mbele, akasema polepole nione mdomo:

"Mama anasema kesho anavuka mlima kwenda kule hospitali."

"Kufanya nini? Anaumwa?"

"Haumwi. Anasema kama kuna mtu mwingine anaelekea huko huko, njia si ya kwake peke yake."

"Konsolata, mimi nitamfuataje mkwe mlimani?"

"Kwani nimesema umfuate? Nimesema njia si ya kwake peke yake. Na kesho ni siku yako ya mwisho, au umesahau kusoma?"

Tulitoka kabla jua halijachomoza. Yeye mbele, hatua kama ishirini, khanga kichwani, kikapu mkononi, na ndani ya kikapu kuku jike mwekundu. Mimi nyuma na fimbo, macho chini, natazama visigino vyake. Dirisha la vidonge hufungwa saa nane mchana. Kwa mtu mzima ni mwendo wa saa nne. Kwa mimi wa siku zile, Mungu ndiye aliyekuwa anajua.

Ukitoka kwenye migomba, mlima wetu ni nyasi tupu, mrefu, mgongo kama wa ng'ombe aliyelala. Nilipumzika kila baada ya mawe mawili. Nikikaa, naye anasimama kule mbele, mgongo kwangu, hageuki. Mwishowe nikaona anainua kikapu, anazungumza na kuku. Alizungumza kwa sauti kubwa, na upepo ulikuwa unakuja upande wangu, sikio la kulia likapata kipande.

"Wee kuku! Unadhani mlima utakuja kukubeba? Ukipumzika hivi utafika umeshataga!"

Nilikaa nikitafakari. Halafu na mimi nikamwambia kuku, "Kuku, mwambie mama kifua kinawaka."

"Kuku, waambie wenye vifua wapumue kwa pua. Mdomo ni wa kulia chakula."

Nilicheka, nikakohoa, nikacheka tena. Tukaenda hivyo. Alikuwa na haki ya kumsemesha kuku wake, na mimi nilikuwa na haki ya kusikia habari za kuku. Hakuna mila iliyovunjwa. Sisi Wanyambo tuna akili hiyo.

Lakini karibu na kilele ukungu ukashuka. Wale waliokaa Karagwe na Kyerwa wanaujua ukungu wa senene. Unakuja kama blanketi limetupwa. Visigino vikapotea. Khanga ikapotea. Na kichwa changu, ambacho kilikuwa kinasimama kwa msaada wa macho tu, kikaanza kuzunguka. Nilisikia sauti, doo, doo, ndani ya pipa. Nilijua ananiita, au anamwita kuku. Mtu mwenye akili angeinua uso atazame sauti inakotoka. Mimi nilifanya nini? Niliinamisha kichwa zaidi. Niliogopa ukungu usije ukapasuka ghafla nikamkuta mkwe yuko mbele yangu, uso kwa uso. Nikafuata doo, doo, kwa heshima zangu zote, na nikatoka njiani.

Nilikwenda na nyasi, na mawe, na fimbo. Sijui niliviringika mara ngapi. Nilikomea kwenye korongo la maji ya mvua, katambuga moja mguuni, nyingine imekwenda zake na mpira wake wa tairi. Mdomoni ladha ya damu ya zamani. Nikaita, "Kuku!" Fikiria. Mtu anakufa, anaita kuku.

Alishuka kwa makalio, khanga imeanguka mabegani. Niliona miguu yake imesimama mbele yangu, nikafunga macho haraka, na nilipofunga macho dunia ikageuka, nikatapika. Ndipo nikahisi mkono. Alinishika kidevu, kama unavyomshika mtoto anayekataa uji, akakiinua.

Nikafungua macho. Uso wa mama yake Konsolata ulikuwa mwembamba, mweusi wa kung'aa kwa mvua, una mwanya, na nyusi zilizokutana kama za binti yake. Alikuwa na hasira. Alisema, nami nikaona kila neno linatoka:

"Nitazame mdomo."

"Mama, ni mwiko."

"Nilikuwa nakuita kushoto, kushoto, kushoto! Wewe unakwenda kulia, kichwa chini kama mbuzi wa sadaka! Mwiko utanisaidia nini nikirudi kwa binti yangu na fimbo tu?"

"Nisamehe."

"Nitazame, nimesema! Umesikia?"

"Nimesikia."

"Sasa nipe mkono."

Nilimpa. Mkono wa mkwe wangu ulikuwa mgumu wa jembe, na wa moto. Alinitoa korongoni. Tukapanda mkono kwa mkono mpaka juu, na huko juu ukungu ukafunguka, tukaona bonde la upande wa pili na paa za bati za hospitali, ndogo kama punje. Alinikalisha kwenye jiwe, akakaa mbele yangu, magoti yetu karibu kugusana, akatoa viazi vitamu vya kuchoma.

"Kula. Na wakati unakula, tazama hapa." Akajionyesha mdomo. "Nina maneno ya miaka minane."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania.

"Kwanza, yule ng'ombe wa mahari. Alikuwa na chuchu moja imekufa. Ulijua?"

"Mama, sikujua."

"Ulijua. Nimemkamua miaka sita, kila asubuhi nakutukana."

"Nilijua."

"Haya. Pili, kanisani unaimba kama unafukuza nguruwe. Watu wa Ndama walikuja harusini wakaniuliza, huyo ndiye mkweo? Nikasema simjui."

Nilitaka kucheka, kiazi kikanikwama. Akangoja nimeze. Halafu uso wake ukabadilika, na akasema polepole zaidi, ili nisikose herufi hata moja.

"Tatu. Mwaka wenu wa pili ulimpiga binti yangu. Alikuja nyumbani na jicho limevimba, akasema kagonga mlango. Nilimkanda kwa maji ya moto, sikumwuliza kitu. Lakini niliujua mlango ule."

Nikainamisha uso. Nani asingeinamisha? Akanishika tena kidevu.

"Usiiname. Ukiinama husikii, na mimi sirudii."

Sijui kama umewahi kuona aibu bila ruhusa ya kuficha uso. Nilikaa vile, macho yangu kwenye mdomo wake, machozi yanateremka, kiazi mkononi. Nimewataja hapa watu watatu walionikosea. Wa nne jina lake ni Venanti, na aliyemwandika kwenye orodha hiyo ni mama mkwe wangu, juu ya mlima, mchana kweupe.

"Sitamgusa tena," nikasema.

"Hujamgusa tena. Miaka sita. Nimehesabu. Ndiyo maana nimekuja." Akapangusa mikono yake kwenye nyasi. "Na la mwisho. Alipozaa wa kwanza, wewe ulimpelekea maji ya moto mwenyewe, majirani wakakucheka. Hilo nalo niliambiwa. Nilitaka kukushukuru, nikamtuma Konsolata, sijui kama alifikisha."

"Hakufikisha."

"Mjinga huyo. Basi nimefikisha. Simama, jua halikusubiri wewe."

Nilitembea na mguu mmoja umefungwa kipande cha khanga yake. Kwenye kila kona aligeuka, akaninyooshea uso, akasema, "Jiwe," "Matope," "Ruka." Hapo kuku alikuwa amepewa likizo.

Tulifika saa nane imepita. Benchi tupu, makopo yameondolewa, na yule nesi wa vidonge tuliyemwita Bwana Kadi, kwa sababu hata shikamoo aliijibu kwa kusema "kadi," alikuwa anafunga kufuli. Nikamnyooshea kadi. Akaisoma, akatikisa kichwa, akaanza kusema huku akitazama ufunguo wake. Sikupata kitu. Mama mkwe akaingia katikati yetu, akanigeukia mimi, akayarudia maneno ya nesi kwa mdomo wake.

"Anasema siku yako ilikuwa Jumanne."

"Mwambie baiskeli haikuja."

"Anasema baiskeli si mgonjwa wake."

"Mwambie mke alijifungua."

"Anasema hongera. Anasema dirisha limefungwa, njoo kesho."

Kesho! Kesho ilikuwa Jumanne. Kesho nilikuwa nimefutwa. Nilitoa ile karatasi ya dokta, imelowa, wino umetambaa. Bwana Kadi akaitazama, akanitazama mimi, akamtazama mama.

"Huyu hasikii?" Hilo nililiona mwenyewe.

Mama alimjibu akiwa amenigeukia mimi, nadhani makusudi, nishuhudie. "La kushoto mmekula ninyi. Ni sawa, ilikuwa bei ya roho yake, hatudai. Sasa la kulia mnalitaka kwa sababu ya kufuli?"

Bwana Kadi alisimama. Nakumbuka inzi alitua kwenye kadi, akatembea kwenye jina langu lote, akaruka. Kisha nesi akaingiza ufunguo, akazungusha upande wa pili.

Alinihesabia vidonge vya mwezi, akataka nimeze vya siku hiyo mbele yake. Vidonge vile vilikuwa vikubwa, na koo langu lilikuwa limekauka kama gamba. Mama akaniwekea maji kwenye kiganja chake, kwa kuwa kikombe hakikuwepo. Nikanywa kutoka kiganjani mwake. Sikumtazama Bwana Kadi anafanya uso gani.

Mama akamtolea kuku.

"Sipokei zawadi, mama," akasema nesi, safari hii akiniangalia mimi ili nisome.

"Nani kakupa wewe? Nimempa aliyefungua mlango."

Bwana Kadi akacheka, meno yote nje. Sikujua kama anayo. "Kampikie mzazi supu," akasema. Halafu akaandika kwenye kadi yangu, juu kabisa, kwa kalamu nyekundu: HASIKII VIZURI, ATAZAMWE USONI. Mpaka namaliza dawa, kila nesi aliyeshika kadi ile aliinua uso wake kwanza ndipo aseme. Na wewe, kama sindano zimekugusa masikio, omba waandike hivyo. Usione haya.

Kurudi tulirudi mkono kwa mkono. Tulipoanza kushuka upande wa Kibingo, jua linaelekea kuzama, alikuwepo mtu anakata nyasi za kuezekea. Alinyoosha mgongo, akatutazama, mundu umesimama hewani. Anjelina. Nani mwingine?

Kabla ya Jumapili ukoo uliitwa. Deogratias aliyekosa baiskeli ya kunipeleka hospitali alipata miguu ya kuzunguka vijiji vitatu kukusanya wazee. Walikaa uani kwangu, rubisi yangu, kahawa yangu ya kutafuna. Mama mkwe akakaa jikoni, nyuma ya ukuta wa matete, anasikia kila kitu.

Deogratias alisimama kama karani wa mahakama. "Ulimshika mkwe mkono?"

"Nilimshika."

"Ulimtazama usoni?"

"Nilimtazama."

Wazee wakafyonza. Deogratias akawageukia, mikono imefunguka, kama mtu aliyekwisha kushinda. Alitaka mbuzi wa kusafisha, na alitaka mama mkwe aondoke kesho yake, na Konsolata na mtoto waende naye mpaka mambo yapoe. Niliwaza, wakiondoka hao, nani atanikumbusha kidonge, nani atanitazama usoni.

Mzee mkubwa wa ukoo akapaza sauti kuelekea jikoni, bila kumtaja jina, kama inavyopasa. "Aliye ndani ana neno?"

Konsolata alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na mtoto, akanirudishia kwa mdomo maneno ya mama yake moja baada ya jingine, na baadaye nilimlazimisha anirudie mara nyingi, ndiyo maana nayaandika bila kukosea.

"Hakunitazama mimi," alisema mama. "Alitazama maneno. Maneno yangu yalikuwa yanakaa usoni kwa sababu masikioni kwake hapana nafasi. Kama kuna mzee hapo aliye tayari kumpeleka kila mwezi, mimi nitajifunika khanga mpaka nizikwe. Asimame nimwone."

Hakusimama mtu. Mmoja akakohoa, akajuta kukohoa mbele yangu. Mzee mkubwa alitafuna kahawa yake mpaka ikaisha, akatema ganda. Akasema mbuzi atatolewa, kwa sababu mila haiwezi kuachwa ikae na njaa. Lakini mbuzi atatoka kwa Deogratias, kwa kuwa baiskeli yake ndiyo iliyomsukuma mkwe barabarani. Na kwa mzazi haondoki mtu mpaka mtoto atolewe nje kuonyeshwa jua.

Deogratias alitoa mbuzi. Baiskeli aliileta miezi miwili, wa tatu ikawa na pancha ambayo haikuzibika. Sijamsamehe. Naandika ukweli, sitaki kukudanganya kwamba ugonjwa unakufanya mtakatifu. Miezi iliyobaki tulivuka mlima na Konsolata, mtoto mgongoni, na nilimeza kidonge cha mwisho mvua za masika zikiisha, siku ambayo kahawa ilikuwa inaanza kuwa nyekundu. Sikio la kulia liko. Limezeeka kama mimi, lakini liko.

Nataka kumalizia na asubuhi aliyoondoka mama mkwe kurudi Ndama. Mtoto alikuwa ameshatolewa nje, ameonyeshwa jua. Mambo yalikuwa yamerudi mahali pake. Tangu siku ya kikao hakunigeukia tena, na mimi nilizunguka njia nyingine kila nilipoona khanga yake. Wala sikuona vibaya. Aliniazima uso wake siku moja, na kitu cha kuazima hurudishwa.

Konsolata alikuwa anamsindikiza. Walipotoka jikoni nilikuwa uani. Nikageuka kama inavyopasa, nikawapa mgongo, nikatazama ukuta wa nyumba. Lakini niligeuka kwa namna ambayo sikio la kulia lilibaki upande wao. Wakapita nyuma yangu. Kisha majani makavu ya migomba yakaanza kuvunjika chini ya nyayo, za Konsolata nyepesi, za mama nzito na za polepole. Zikavuka mstari wa kwanza wa migomba, zikavuka wa pili. Mtu wa masikio mawili pengine angeacha kusikiliza hapo. Mimi nilisimama, mkono nimeegemeza ukutani nisiyumbe, nikazifuata mpaka mwisho wa kibanja, na zilipoisha nikaendelea kusimama kidogo.